Mbung'o na Papa Pingusi: Wanyama Wawili Wenye Uzazi wa Polepole

Mtu akisimama Manyatta, katika kaunti ya Embu, yuko mbali na mbung'o na mbali zaidi na papa. Juu yake kuna majani chai yanayopakana na msitu wa Mlima Kenya, chini yake kahawa na makadamia, na karibu kila boma lina ng'ombe wa gredi anayekatiwa nyasi na kulishwa zizini. Baridi ya usiku humfaa ng'ombe huyo na humkataa mbung'o. Lakini maji ya Manyatta hayakai Manyatta. Mto Rupingazi hushuka mlimani, hupita mji wa Embu, na maji yake huishia katika mto Tana. Tana huzunguka nyanda kavu za Mbeere, penye mabwawa ya Masinga, Kamburu na Kiambere, na huko mbung'o yupo vichakani. Kisha mto unaendelea hadi Kipini na kuingia Ghuba ya Ungwana, mahali ambapo papa wachanga huanza maisha yao na ambapo wengi wao huyamalizia ndani ya nyavu.

Mkondo mmoja wa maji, basi, unaanzia kwenye milima isiyo na mbung'o, unapita kwenye makazi yake, na kuishia kwenye makazi ya papa. Je, mdudu asiyezidi urefu wa ukucha na samaki wa mita mbili na nusu wanaweza kulinganishwa kwa namna itakayotufundisha kitu? Nasema wanaweza, kwa jambo moja ambalo kwa wote wawili limekuwa na uzito kuliko meno na kuliko mwiba. Jambo hilo ni uzazi.

Niondoe kwanza ulinganisho uliozoeleka, ule wa nani anaua watu wengi zaidi. Duniani kote papa huua kwa wastani watu sita hivi kwa mwaka bila kuchokozwa. Malaria, inayoletwa na mbu, iliua watu wapatao 597,000 mwaka 2023 kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani. Mbung'o naye ana historia yake nzito: ugonjwa wa malale uliua watu zaidi ya 250,000 katika Busoga na fukwe za Ziwa Viktoria upande wa Uganda kati ya 1900 na 1920. Takwimu hizi zinasaidia kumtoa mtu hofu ya sinema, na hapo kazi yake inaishia. Hazimwelezi mfugaji wa Mbeere wala mvuvi wa Kipini afanye nini kesho.

Tumtazame mbung'o kwa karibu, kwa sababu ni mdudu wa ajabu mno. Wadudu wengi hutaga. Mbu jike hutaga mayai zaidi ya mia kwa mkupuo mmoja na kuondoka. Nzige wa jangwani, walioingia Kenya mwishoni mwa 2019 na kufika Meru mwaka 2020, hufukia ardhini mafungu ya mayai ambayo kwa miezi michache huzaa kundi la kufunika anga. Mbung'o hatagi. Yai lake moja hurutubishwa na kuanguliwa ndani ya mfuko wake wa uzazi, na buu linalotoka hukaa humo humo likinyonyeshwa. Nasema kunyonyeshwa kwa maana kamili: mama ana tezi inayotoa maziwa yenye mafuta na protini, na buu huyanywa kwa siku kadhaa mpaka linakaribia uzito wa mama mwenyewe, wakati mwingine hata kumzidi. Kisha mama hutafuta kivuli chenye udongo laini, chini ya gogo au kichaka, na kulizaa. Buu hujichimbia ardhini, hujifunga ndani ya ganda gumu jeusi, na baada ya mwezi mmoja hivi hutoka likiwa mbung'o kamili.

Mtoto ni mmoja kwa wakati mmoja. Buu la kwanza huja baada ya siku 16 hadi 20 za maisha ya mama, kisha moja kila baada ya siku tisa au kumi. Jike aliyebahatika kuishi miezi mitatu ataacha watoto wanane au tisa, na wengi hawaishi miezi hiyo. Tena kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani na kuhifadhi mbegu za dume kwa mimba zake zote. Chakula cha wote wawili, dume na jike, ni damu peke yake. Sijui mdudu mwingine wa nyanda zetu anayewekeza hivyo kwa kila mtoto.

Sasa twende baharini. Papa pingusi, yule mwenye kichwa kipana kama nyundo na macho kwenye ncha zake, naye hatagi. Watoto wake huanza kwa kula kiini cha yai, na kiini kikiisha kifuko chake hujishika kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi na kugeuka kondo, hivyo mama huwalisha kwa damu yake. Mimba huchukua miezi tisa hadi kumi na miwili. Kwa uzao mmoja hupatikana watoto kati ya 12 na 40 hivi, kila mmoja akiwa na urefu wa karibu nusu mita, naye mama huja kuwazaa kwenye ghuba na milango ya mito penye maji mafupi na ya tope. Kisha huondoka. Jike huyo huwa amechukua miaka kumi na mitano hivi kufikia umri wa kuzaa.

Kwa hiyo wote wawili wameacha njia ya mayai mengi na kufuata njia ya watoto wachache walioandaliwa vizuri tumboni. Hawana ukoo wa karibu. Matawi yao yalitengana mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita, na kila mmoja alifika hapo kivyake. Maziwa ya mbung'o na kondo la pingusi ni vifaa tofauti vyenye kazi moja: mtoto azaliwe akiwa ameshavuka hatua ya hatari kubwa zaidi.

Ulinganisho huu una mipaka, na mpaka mmoja unamwinua mbung'o. Kwa uwiano wa miili yao, mdudu ni mama anayejitoa zaidi kuliko papa. Papa huzaa watoto ambao kila mmoja ni sehemu ndogo sana ya uzito wake. Mbung'o huzaa mtoto mwenye uzito kama wake, na kesho yake anatafuta damu ili aanze upya. Mpaka wa pili ni muda. Kizazi cha mbung'o ni miezi miwili hivi, cha pingusi ni zaidi ya muongo. Kosa linalofanywa kwa mbung'o huonekana msimu huu huu. Kosa linalofanywa kwa papa huonekana wakati aliyelifanya amestaafu uvuvi.

Njia ya watoto wachache ina faida kubwa mahali ambapo wakubwa hawafi ovyo. Ikiingia hatari mpya inayoua wakubwa, au inayoua wadogo kabla hawajakua, hakuna akiba ya mayai ya kujaza pengo. Hesabu ya mbung'o ni rahisi kiasi kwamba mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifanya. Tuseme kila jike ana hatari ya kufa ya asilimia 4 kwa siku. Wastani wa maisha yake unakuwa siku 25 hivi. Nusu ya majike hawatafikia hata kuzaa buu la kwanza, na ukijumlisha wote utapata wastani wa mabuu yasiyofika mawili kwa kila jike, nusu yao madume, kabla ya kuhesabu yatakayoliwa na sisimizi na ndege yakiwa udongoni. Jike mmoja anaacha chini ya jike mmoja. Kundi la namna hiyo linaisha, hata kama hakuna mtu aliyewahi kuua nusu ya mbung'o kwa siku moja.

Hilo ndilo lililowaokoa wafugaji. Katika Zimbabwe ya miaka ya 1980, vitambaa vyeusi vilivyopakwa dawa na kuwekewa harufu ya kuvutia, vinne tu kwa kilomita moja ya mraba, vilitosha kumaliza makundi ya mbung'o bondeni Zambezi. Nguruman, kusini mwa Kenya, watafiti wa ICIPE, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, walibuni mtego wa kitambaa cha buluu na cheusi ambao Wamaasai wenyewe waliushona na kuutega, chambo kikiwa asetoni na mkojo wa ng'ombe. Mbung'o walipungua kwa zaidi ya asilimia 90. Taasisi hiyo hiyo iligundua pia kwamba kuro, swala mkubwa anayeishi katikati ya mbung'o bila kuumwa sana, ana harufu inayowafukuza, ikatengeneza kola yenye harufu hiyo ya kumvisha ng'ombe.

Mfano bora zaidi uko Unguja. Kisiwa hicho kilikuwa na aina moja tu ya mbung'o, Glossina austeni. Kwanza ng'ombe walipakwa dawa ili kupunguza wingi wa mbung'o. Kisha, kuanzia 1994, kituo cha utafiti cha Tanga kikazalisha madume na kuyafanya tasa kwa mionzi, nayo yakamwagwa kwa ndege juu ya kisiwa wiki baada ya wiki, jumla yake madume yapatayo milioni 8.5 mpaka 1997. Jike aliyepandwa na dume tasa, kwa kuwa kwa kawaida hapandwi tena, alikuwa amemaliza uzazi wake. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996, na mwishoni mwa 1997 Unguja ilitangazwa kuwa haina mbung'o tena, ushindi uliopatikana kwa ushirikiano wa Serikali ya Tanzania na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki. Njia hiyo isingefaa kwa mbu kwa wepesi ule. Ilimshinda mbung'o kwa sababu uzazi wake ni mdogo na una mlango mmoja.

Sasa mtu auweke mtego wa Nguruman kando ya jarife la Ungwana. Jarife ni wavu wa macho makubwa unaotegwa usiku kwa ajili ya papa, taa na samaki wakubwa. Kichwa cha pingusi, kwa umbo lake, hunasa hata kwenye nyavu ambazo hazikumlenga. Watoto wa pingusi wamekuwa sehemu kubwa ya papa wanaofikishwa bandarini na wavuvi wadogo wa Kenya, na meli za kukokota kamba katika Ghuba ya Ungwana zimekuwa zikiwabeba pamoja na mavuno yao. Serikali ilisimamisha ukokotaji huo mwaka 2006 kufuatia malalamiko ya wavuvi wa mwambao, kisha ukarudi baada ya mpango wa usimamizi wa mwaka 2010.

Hesabu ya papa nayo ni fupi. Chukua watoto 200 wa kike. Wakiokoka 80 kati ya kila 100 mwaka hadi mwaka, watakaofikia umri wa kuzaa baada ya miaka 15 ni saba. Wakiokoka 70 kati ya 100, atabaki mmoja. Tofauti ya samaki kumi katika mia, ambayo hakuna mvuvi atakayeitambua kwenye mashua yake, inapunguza mama watarajiwa mara saba. Asilimia 4 ya mbung'o na asilimia 10 ya papa ni kanuni moja. Bara tumeitumia kwa makusudi, kwa fedha za umma na wataalamu. Baharini tunaitekeleza bila kuitangaza, na kwa maoni yangu jarife lililotegwa kwenye mazalio halina tofauti na kampeni ya kutokomeza.

Matokeo yanaonekana. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba papa na taa wa bahari kuu wamepungua duniani kwa asilimia 71 tangu 1970. Papa pingusi amewekwa na shirika la uhifadhi la IUCN tangu 2019 katika daraja la walio hatarini mno kutoweka, hatua moja kabla ya kutoweka porini. Biashara yake ya kimataifa imewekewa masharti ya mkataba wa CITES tangu 2014, hasa kwa sababu ya mapezi yanayouzwa Asia ya Mashariki kwa supu. Masharti hayo yanagusa mapezi yanayovuka mpaka. Hayamgusi mtoto wa nusu mita anayeuzwa sokoni Malindi kama kitoweo.

Simlaumu mvuvi. Papa mkavu amelisha mwambao kwa karne nyingi. Majahazi yalimleta kutoka Uarabuni na Somalia mpaka Lamu, Mombasa na Unguja, na mafuta ya ini lake, sifa, yalipakwa kwenye vyombo ili mbao zisioze. Uvuvi huo ulidumu kwa sababu vyombo vilikuwa vichache na nyuzi zilikuwa za pamba. Nyuzi za nailoni na soko la mapezi vilipoingia, asilimia zilisogea, na kwa mnyama mwenye uzazi huu asilimia zikisogea kidogo inatosha.

Kuna tofauti moja kati ya mbung'o na papa ambayo naiona kuwa nzito kuliko zote, nayo ni ya kurudi. Mbung'o hurudi. Nguruman, kila mvua zilipowapa nguvu, nzi waliingia tena kutoka vichaka ambavyo mitego haikufika, na kazi ilipolegea walijaa upya. Unguja walishindwa kurudi kwa sababu ya bahari. Historia yetu inathibitisha kurudi huko kwa kipimo kikubwa: sotoka ya miaka ya 1890 iliua ng'ombe na nyati kote Afrika Mashariki, mbung'o akakosa damu na akarudi nyuma, watu na mifugo walipohama, vichaka vikaota mashambani, wanyama wakaongezeka, na mbung'o akafuata. Mwanaikolojia John Ford aliandika mwaka 1971 kwamba utawala wa kikoloni ulivuruga uwiano ambao Waafrika walikuwa wameujenga na mdudu huyu kwa kulima, kuchoma na kufuga. Naona alikuwa sahihi kwa sehemu kubwa.

Papa hana vichaka vya jirani vya kumrudisha haraka. Papa weupe wa pwani ya mashariki ya Marekani, waliopigwa marufuku kuvuliwa mwaka 1997, wameanza kuongezeka, na imehitaji miongo miwili ya sheria inayosimamiwa kweli. Huo ndio mwendo wa kupona wa wanyama hawa hata pale mambo yanapokwenda vizuri.

Tukirudi kwenye miteremko ya Embu, Manyatta ina fungu lake katika hesabu zote mbili. Ng'ombe anayenunuliwa kwenye minada ya nyanda za chini huweza kupanda mlima akiwa na vimelea vya nagana, ugonjwa wa mifugo unaoletwa na mbung'o, damuni: anakonda, damu inapungua, mimba inatoka, na mwenye ng'ombe anadhani ni minyoo. Ukanda wa Meru na Mwea ni mmoja wa maeneo ambayo Baraza la Kenya la Kutokomeza Mbung'o, KENTTEC, limeyapa kipaumbele, na mafanikio hayakosekani: Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeondoa malale kama tatizo la afya ya umma, mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa hapa nchini akiwa wa mwaka 2009. Hiyo ni malale ya watu. Nagana ya mifugo bado ipo.

Wengine wanahofia kwamba joto likipanda mbung'o atapanda mlima. Hofu ina msingi. Buu lililo ardhini huishi kwa mafuta liliyopewa na mama, na udongo ukiwa baridi mno, chini ya nyuzi 16 hivi, mafuta huisha kabla ya kukomaa; joto likizidi pia hufa. Katika bonde la Zambezi, kituo cha Rekomitjie kilichohesabu mbung'o kwa miongo mingi kiliona wakipungua vibaya kadiri joto lilivyoongezeka, na watafiti walioandika mwaka 2018 walisema sehemu za juu zilizokuwa baridi huenda zikawafaa. Kwa Manyatta naona kinga ya pili iko imara zaidi ya baridi: ardhi yote imelimwa, vichaka vya kuzalia ni vichache, na nyati na ngiri hawapiti mashambani. Penye mashaka ni kingo za mito na ukingo wa msitu, na hapo mitego michache ya kuchunguza ingegharimu kidogo.

Kwa upande wa papa, fungu la mlima ni maji na tope. Mabwawa ya Tana yamebadilisha mafuriko yanayolisha delta, eneo lililoandikishwa mwaka 2012 kuwa ardhioevu ya Ramsar, na udongo unaomomonyoka kwenye mashamba yetu hujaza mabwawa hayo. Ghuba inayomlea pingusi ilitengenezwa na mto huu. Anayepanda nyasi kwenye kingo za matuta ya shamba lake Embu anafanya kazi yenye manufaa Kipini.

Maamuzi yangu, basi, ni haya. Mbeere na Mwea, mitego na dawa za mifugo zisisimamishwe siku ambayo mbung'o wanaacha kuonekana. Ziendelee kwa misimu kadhaa, na kaunti za Embu, Kirinyaga, Machakos, Kitui na Tharaka Nithi zifanye kazi kwa wakati mmoja, kwa sababu nzi hatambui mpaka wa kaunti. Ungwana, vikundi vya usimamizi wa fukwe vipewe mamlaka ya kufunga mazalio katika miezi ya kuzaa, miezi ambayo wavuvi wazee wanaijua vizuri kuliko ofisi yoyote, na mvuvi alipwe fidia kwa miezi hiyo kama mfugaji anavyosaidiwa dawa. Meli za kukokota zikae mbali kabisa na maji mafupi. Na wanaopima uvuvi waache kuhesabu papa kwa tani pekee. Wahesabu majike wenye mimba na watoto, kwa sababu tani zinaweza kubaki zile zile huku mama wanakwisha.

Pingusi jike aliyezaliwa Ungwana mwaka 2025, akiponea nyavu zote, atazaa kwa mara ya kwanza karibu mwaka 2040.